AKIBADILIKA, BADO NI WAKO?

Kijana mwenzangu, simama kidogo usome!

Hebu fikiria mama mmoja hapa Karatu. Mumewe kaanguka na bodaboda, bila kofia ngumu. Kalazwa KCMC, Moshi. Sasa karudi, anatembea. Majirani wanasema, "Bwana asifiwe, amepona!" Lakini usiku anauliza swali moja mara kumi. Anaacha jiko linawaka. Anamfokea mtoto bure. Mama analia moyoni: ndiye huyu aliyenioa?

Ndugu yangu, si uchawi, wala si kiburi. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo breki ya hasira. Mwaka 1848 huko Marekani chuma kilimpenya kichwani Phineas Gage. Alipona kidonda, lakini rafiki zake walisema siye Gage tena.

Basi, kama siye yule, ahadi imekufa? Nasema hapana! Hukuahidi kuipenda akili yake wala mshahara wake. Uliahidi mtu, na mtu yupo. Ubongo hupona polepole, miezi hata miaka: vitu mahali pamoja kila siku, kelele kidogo, usingizi wa kutosha, maneno mafupi. Nani atayafanya hayo, mpita njia?

Lakini mama naye huchoka. Akipigwa, akimbilie msaada. Kuvumilia si kukubali kuuawa. Na wewe jirani, mshikie jembe hata siku moja.

Wewe unayesema unampenda mchumba wako, unampenda yeye, au raha unayopata kwake? Jibu leo, kabla ya ajali!