Kufika Salama Si Ushahidi

Wanangu mnaoanza kushika usukani,

Chombo kikizama, kabla hata maiti hazijaisha kutolewa majini, hakosekani mtu wa kusema ajali haina kinga. Nimeisikia kauli hiyo matangani, nimeisikia barazani, nimeisikia kwa wakubwa wanaokuja kutoa rambirambi na kuondoka. Kudra ya Mungu naiamini. Lakini asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, Mombasa, ilipopinduka karibu na ukingo na kuua watu 272, ilikuwa na abiria wapatao 400, na kipimo chake kilikuwa 300. Wale mia moja wa ziada hawakushuka kutoka mbinguni. Waliingia kwa miguu yao, mmoja mmoja, kukiwa kumekucha.

Nina neno moja la kuwausia, na mengine yote ni matawi yake: kufika salama si ushahidi kwamba ulikwenda salama. Jana ulizidisha watu ukafika. Juzi ulikatiza mbele ya meli ukapita. Moyoni umeshaandika kwamba jambo hilo linawezekana, na leo hulifikirii tena.

Hebu tazameni namna kipimo kinavyoliwa. Mkesha wa Idi watu ni wengi, mnazidisha kumi, mnafika. Wiki inayofuata kuna harusi ng'ambo, mnazidisha ishirini, mnafika tena. Mwezi haujaisha, ishirini imekuwa desturi, na akija baharia mgeni akauliza kuhusu namba iliyopakwa rangi ubavuni, anachekwa kuwa ni mwoga. Bandu bandu huisha gogo. Namba ya ubavuni haijasogea hata kidogo. Mlichosogeza ni woga wenu. Na woga, kwa baharia, ni kifaa cha kazi sawa na dira.

Chukueni Likoni. Pale pana njia mbili zinazokatana juu ya maji. Moja ni ya feri, kati ya kisiwa cha Mombasa na bara ya kusini, usiku na mchana, na hesabu inayotajwa ni ya watu wapatao 300,000 kwa siku. Ya pili ni ya meli zinazoingia na kutoka bandari ya Kilindini: za makontena, za mafuta, za nafaka, za magari, pamoja na manowari zinazokwenda kituo cha wanamaji Mtongwe. Mlango ni huo huo. Ongeza tagi, ongeza boti za doria, ongeza mvuvi na ngalawa yake anayerudi na upepo. Upana wote ni kama nusu kilomita. Wenzenu wa Dar es Salaam wanaovusha watu kati ya Kivukoni na Kigamboni hawahitaji kuelezwa, maana nao kila wakiondoka wanakatiza mlango wa bandari.

Sasa jiulizeni nahodha wa meli kubwa anaona nini. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli, zile za SOLAS, zinakubali pawe na eneo la maji mbele ya gubeti ambalo mtu aliye kwenye chumba cha usukani halioni, mradi lisizidi urefu wa meli mara mbili au mita 500, kipimo kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Mita 500! Huo ndio upana wa kivuko chenyewe. Meli ina kibali chake, vyeti vyake vimekamilika, rubani wa bandari yumo ndani, na bado wewe na mtumbwi wako mkiwa karibu mno na gubeti, kwao hampo. Msidhani mitambo itawaokoa. AIS, inayotangaza jina la chombo na mwendo wake, imelazimishwa kwa meli kubwa na za abiria, ngalawa haina. Rada nayo hupenda chuma. Mbao na tanga zilizolowa huirudishia mwangwi hafifu sana, na mawimbi yakiwa makubwa mwangwi huo hupotea kabisa katikati yao. Ndiyo maana wazee walioijua rada walitundika debe juu ya mlingoti. Lilionekana ni mzaha, lakini debe lile lilikuwa na akili kuliko wengi wa waliolicheka.

Tena fanyeni hesabu ya mwendo. Meli inayokwenda noti 10 humaliza maili moja ya baharini kwa dakika 6. Injini ya boti ikizima mbele yake, dakika 6 unazimaliza kwa kuvuta kamba ya kuwashia na kutukana fundi. Naye aliye juu hawezi kukusimamia pale pale. Akirudisha injini nyuma kwa nguvu, usukani unapungukiwa, gubeti linaanza kuelekea lisikotakiwa, na kwenye mlango mwembamba hapo ameshaipeleka meli mwambani.

Kuna kijana anayejua kanuni nusu, na huyo namwogopa kuliko asiyejua kabisa. Amesikia kwamba tanga lina haki mbele ya injini, basi anaingia katikati ya mlango akijiona ana sheria mkononi. Kanuni za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinasema hivyo kwa bahari ya wazi. Kwenye mlango mwembamba, kanuni ya 9 inageuza mambo: chombo kisichofika mita 20, na chombo cha tanga, hakiruhusiwi kuizuia meli isiyoweza kupita salama ila ndani ya mlango huo. Anayevua naye asiuzibe mlango kwa yeyote anayepita. Na hakuna ruhusa ya kukatiza mlango ikiwa kukatiza kwako kutamzuia mwenye kina kirefu. Ukisikia honi tano fupi za haraka, usipunge mkono. Huyo hakusalimii; anauliza unafanya nini, na swali hilo halijibiwi kwa mdomo.

Kujua kama mtagongana hakuhitaji mtambo. Kaa mahali pamoja, ilinganishe meli na nguzo ya boti au kamba ya mlingoti, na mwendo wako usiubadilishe. Ikisogea kwenda mbele ya nguzo, itakupita mbele. Ikirudi nyuma ya nguzo, itapita nyuma yako. Ikikaa palepale huku inakua, mna miadi. Hapo geuka mapema, tena geuka kwa pembe kubwa ili aliye juu aone bila shaka kwamba umegeuka; vijana wengi hugeuza kidogo, wakatazama, wakageuza kidogo tena, na yule mwingine haoni chochote. Ila kipimo hiki kina udhaifu wake: meli ndefu ikiwa karibu, nguzo inaweza kukuonyesha kuwa gubeti limekwisha kupita na ubavu bado unakuja. Vivyo hivyo tagi inayokokota tishari. Asikate mtu kati ya tagi na kinachovutwa, hata akiona maji matupu. Kamba imezama pale chini, na ikikaza inainuka.

Juu ya hayo, simu. Aliyewekwa mbele kutazama atazame. Jicho la usiku huchukua karibu nusu saa kulizoea giza sawasawa, na ujumbe mmoja kwenye simu unairudisha nusu saa yote nyuma.

Kupima hatari wataalamu wana majedwali yao, na si vibaya mkajifunza. Lakini chini ya majedwali yote pana maswali mawili: jambo hili ni jepesi kutokea kiasi gani, na likitokea litaondoka na nini. Ngalawa kupwelewa kwenye fungu ni jambo la kila wiki, na hasara yake ni kungoja maji yajae na kuchekwa na watu. Meli kuipiga feri iliyojaa ni jambo ambalo unaweza kustaafu hujaliona. Kijana humwogopa huyu wa kila wiki kwa kuwa anamkumbuka, na yule wa pili anamsahau, wakati ndiye anayestahili kufikiriwa kila kamba inapofunguliwa.

Mazoea yana tabu yake, nayo ni kwamba yanakufanya uone leo ni jana. Kabla ya kuondoka uliza kimebadilika nini. Labda ni bamvua, na maji yanayopanda na kushuka zaidi ya mita tatu yanatoka mlangoni kwa kasi. Labda kusi limeamka, na mkondo unaotoka unakutana na mawimbi yanayoingia, yakasimama wima. Labda mvua imefunga. Labda ni alasiri ya Ramadhani na mshika usukani hajalala vizuri tangu daku. Kila moja peke yake ungelimudu. Mawili yakikutana punguza mwendo na punguza mzigo. Yakifika matatu, kaa gatini unywe kahawa, au ungoje futari.

Nataka nikae kidogo kwenye kufika, maana hapo ndipo watu wengi hulegea. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati ya Ukara, Ziwa Victoria, kikaua watu 228. Kibali chake kilikuwa cha watu 101. Mtongwe nako nchi kavu ilikuwa inaonekana. Watu wakiiona gati husimama. Aliyekuwa chini anapanda, aliyekuwa tezi anakwenda omo, kila mtu anataka awe wa kwanza kushuka, na uzito uliokuwa umetulia safari nzima unahama kwa dakika moja kwenda upande mmoja, tena juu. Chombo chenye mzigo halali kinaweza kuvumilia. Kilichozidishwa kinainama, watu wanateleza kufuata mwinamo, na mwinamo unazidi. Kwa hiyo anayesimamia abiria afanye kazi yake kabla ya gati kuonekana: watu wakae, mlango usifunguliwe hadi kamba zimefungwa, magari yawekewe vizuizi vya magurudumu. Watakutukana. Matusi hayazamishi.

Kuna na orodha ya abiria, ambayo wengi wenu mnaiona ni kazi ya karani. MV Spice Islander ilipozama kuelekea Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, hesabu ya kwanza ya waliokufa ilikuwa kama 200. Tume iliyochunguza ikaja na zaidi ya 1,500 pamoja na waliopotea. Tofauti ile ni watu ambao hawakuandikwa popote. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, abiria wa daraja la tatu nao hawakuwa na orodha. Kwa familia, jina lisiloandikwa maana yake ni kuzungushwa kutoka ofisi hadi ofisi wakithibitisha kwamba mtu wao alisafiri. Na kwa nahodha aliye hai maana yake ni kwamba tangu mwanzo hakuwa anajua amebeba nini. Hiyo Bukoba ina somo jingine la uchungu: ilikuwa imepinduka na inaelea, ndani mna watu walio hai, na walipotoboa ubavu kuwatoa, hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka ikazama. Uokoaji nao hupangwa mapema, na watu wenye ujuzi na vifaa vyake. Haubuniwi siku hiyo.

Walinzi wa Pwani wa Marekani wana utaratibu wa kupima njia za maji zenye msongamano ambao naona tungeweza kuuiga bila gharama kubwa. Huwakutanisha wanaotumia maji yale kila siku, marubani, manahodha wa tagi, wavuvi, wenye boti za starehe, watu wa bandari, wakazitia alama hatari za mahali pale moja moja: hali ya vyombo, wingi wake, upepo na mikondo, umbo la njia yenyewe, na madhara yatakayofuata jambo likiharibika. Kinachonipendeza ni kule kumkalisha mvuvi meza moja na rubani. Kwetu mikutano ya usalama wa bahari hufanyika hotelini, na mwenye ngalawa husikia maazimio redioni. Yeye ndiye anayejua ni saa ngapi kona ile huwa na mitumbwi isiyo na taa.

Mkikosa mkutano, wekeni daftari. Kila kilichopona chupuchupu kiandikwe usiku uleule: wapi, saa ngapi, maji yalikuwaje, nani alichelewa kuona. Jina la mtu si lazima, maana ukianza kuwinda wakosaji daftari litabaki jeupe. Kila baada ya mwezi likae mezani. Mtaona mahali pamoja panajirudia, au saa moja, au injini moja ileile ambayo fundi husema imepona.

Najua mtaniambia: babu, hayo ni mazuri, lakini tajiri wa chombo ndiye anayelipa. Kweli. Atakwambia abiria usiowachukua watachukuliwa na wa gati ya pili. Atakwambia ana mkopo benki. Usibishane naye, na usimpe hotuba hii yangu, hataisikiliza. Chukua karatasi, andika tarehe, andika kipimo cha chombo na idadi ya watu anaotaka uwabebe, mpe kalamu atie sahihi chini yake kwamba ni kwa amri yake. Mimi bado sijamwona tajiri aliyeipokea kalamu hiyo.