Aliyeonywa na Asiyeonywa

Katika motokaa nyingi za siku hizi zinazotumika katika nchi za baridi, mbele ya macho ya dereva huwaka taa ndogo yenye alama ya chembe ya theluji, na pengine kengele hulia mara moja. Maana yake ni kwamba hewa ya nje imeshuka hadi nyuzi 3 au 4 za Sentigredi, kufuatana na aina ya gari, na kwamba huenda barabarani pana barafu. Ni jambo dogo kabisa. Lakini ndani yake mna swali ambalo walimu, wazazi na mahakimu wamelihangaikia tangu zamani, nalo ni hili: mtu akiisha kuonywa, je, mzigo wote wa litakalotokea umekuwa wake? Na yule ambaye hakuonywa, je, hana lake?

Wengi wetu hatujaona theluji ila katika picha, na msomaji aweza kuuliza mambo haya yatuhusu nini. Yatuhusu kwa sababu wana wetu wako huko. Katika miji ya Uingereza wako wauguzi, watunzaji wa wazee na madereva wa magari ya mizigo waliotoka kwetu Afrika Mashariki, ambao walijifunza kushika usukani katika vumbi na matope, na sasa hutoka nyumbani gizani katika mwezi wa Januari, wengine wakiwa na abiria, wengine wakiwa peke yao.

Yafaa kwanza tujue taa hiyo yajua nini. Kipimajoto chake huwekwa mara nyingi nyuma ya bampa la mbele au chini ya kioo cha pembeni. Kinapima hewa tu, barabara hakiigusi. Maji, kama kila mtoto wa shule ajuavyo, huganda kwenye nyuzi 0. Mbona basi onyo litolewe kwenye nyuzi 4? Kwa sababu katika usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani upesi kuliko hewa iliyo juu yake, hata uso wa lami waweza kuwa umeganda ilhali kipimajoto chaonyesha nyuzi 2 au 3. Wakulima wa Njombe na Limuru watalielewa jambo hili bila mwalimu, maana huiona sakitu juu ya majani asubuhi ambayo hewa yenyewe haikufikia kuganda. Madaraja nayo huganda kabla ya barabara nyingine, kwa kuwa baridi huyashika juu na chini, wala hayana udongo wa kuyatunzia joto. Na mahali penye kivuli cha miti, au bondeni ambako hewa nzito ya baridi hutulia, barafu hukaa hata jua likiisha kupanda.

Tena, barafu iliyo karibu na kuyeyuka huteleza kuliko barafu iliyoganda sana, kwa ajili ya utando wa maji ulio juu yake. Kwa hiyo zile nyuzi chache zilizo karibu na 0, ambazo mtu huzidharau akisema kuwa baridi bado haijawa baridi, ndizo za kuogopwa zaidi. Waingereza wana jina la barafu mbaya kuliko zote. Huiita barafu nyeusi, ingawa kwa kweli haina rangi. Ni utando mwembamba unaoonyesha lami iliyo chini yake, na barabara huonekana kana kwamba imelowa tu. Wahenga wetu walisema mwenye macho haambiwi tazama. Ni methali nzuri, nasi tumeitumia sana darasani, lakini hapa imefika mpaka wake. Hapa mwenye macho hana budi kuambiwa, maana macho yenyewe yanamdanganya.

Kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1931, chawafundisha madereva kwamba gari linalokwenda maili 30 kwa saa, yaani karibu kilomita 48, lahitaji mita 23 ili lisimame katika barabara kavu. Chaongeza kwamba juu ya barafu umbali huo waweza kuwa mara 10. Mwenye kupiga hesabu ataona mita 230, ambazo ni zaidi ya viwanja viwili vya mpira vilivyowekwa kimoja mbele ya kingine. Viko vyombo vya kisasa vya kuzuia magurudumu yasijifunge na gari lisipinduke njia yake, na vinasaidia, lakini haviwezi kuipa tairi mshiko ambao barabara haina. Tairi za majira ya baridi husaidia zaidi. Sweden huzilazimisha kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi wakati barabara zina theluji au barafu, na Ujerumani nayo ina sheria yake. Uingereza haina sheria ya namna hiyo, basi humo dereva huachiwa akili yake na taa yake.

Sasa wako wasemao taa hii ni mwongo. Tangu Novemba hadi Machi huwaka asubuhi baada ya asubuhi, na dereva hufika kazini salama asubuhi baada ya asubuhi. Hata mwishowe haioni tena, kama vile darasa lisivyomsikia mwalimu akemeaye kila dakika. Sisi tuliofanya kazi ya kuwafundisha walimu tunaijua hatari hiyo. Tulikuwa tukiwaambia wanafunzi wetu kwamba fimbo ya maneno huvunjika upesi kuliko fimbo ya mti. Hata hivyo hatukubali kwamba taa imesema uwongo. Onyo halipimwi kwa kutazama kama madhara yalitokea. Mtu asemaye, “Imeniwakia mara 40 na sikuteleza hata mara moja,” ahesabu pia ni mara ngapi kati ya hizo alipunguza mwendo bila kujijua, akaacha nafasi kubwa mbele yake, akapita darajani polepole. Na kama hakufanya lolote kati ya hayo, bado akafika, basi amefundishwa na bahati. Bahati ni mwalimu mbaya sana. Humpa alama kamili mwanafunzi aliyekosa hesabu, na mwanafunzi huenda nyumbani akifurahi, huku kosa likizidi kukomaa.

Lakini lile linalotusumbua zaidi ni kimya cha taa. Mtu aliyezoea kuonywa huanza kuona kwamba asipoonywa ameruhusiwa. Taa haikuwaka, basi barabara ni njema! Kumbe gari lililosimama muda mrefu katika msongamano laweza kupashwa joto na injini yake lenyewe, na kipimajoto kikasoma zaidi ya ilivyo; au nje kuna nyuzi 5 mjini, na maili chache mbele, bondeni, kuna 0. Hapo ndipo tunapoona kwamba yule tunayemwita asiyeonywa ni vigumu kumpata. Mwenye gari kuukuu lisilo na taa yoyote, ambaye asubuhi amesimama dakika kumi akikwangua barafu kwenye kioo cha mbele, ameonywa. Aliyevuta pumzi nje ya mlango akaona mvuke, ameonywa kidogo. Hata kalenda imemwonya. Mtu wa namna hiyo akisema mbele ya hakimu kwamba gari lake halina kengele, twadhani hakimu atamtazama kama mwalimu amtazamavyo mtoto asemaye kuwa hakujua kama leo ni Jumatatu.

Je, aliyeonywa ana lawama zaidi? Twaona ndiyo. Aliyepewa habari amepewa na kazi ya kuitumia, na watu walio mbele yake barabarani hawakumchagua awe dereva wao. Lakini tunakataa neno lile “wote” katika swali letu. Mzigo wote si wake, na hapa iko hatari ambayo watu hawaitaji mara nyingi: kwamba onyo laweza kugeuka kuwa njia ya wakubwa kunawa mikono. Nimekwisha kukuonya, shauri yako.

Uingereza ilipata kulijadili jambo hili mbele ya sheria. Dereva mmoja aliumia vibaya mwaka 1991 gari lake lilipoteleza juu ya barafu isiyoonekana, akaishtaki halmashauri yenye barabara. Kesi ilipanda hadi Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa, na mwaka 2000 likaamua kwamba sheria ya barabara ya mwaka 1980 iliwadai wenye barabara waitunze isibomoke, lakini haikuwadai waondoe barafu. Barafu, kwa kusoma maneno ya sheria, haikuwa ubovu wa barabara. Kwa maneno ya sheria huenda walikuwa sahihi. Lakini Bunge halikuridhika kuacha mambo hapo, na mwaka 2003 liliongeza kifungu kwamba wenye barabara wahakikishe, kadiri iwezekanavyo kwa kiasi cha kufaa, kuwa theluji na barafu hazihatarishi wapitao. Ndiyo maana malori ya chumvi hutoka usiku kabla ya baridi kushuka, yakianza na barabara kubwa. Njia ndogo za vijijini nyingi hazifikiwi, na hilo nalo ni jambo la kulijua kwa mwenye kukaa huko.

Yuko mwingine ambaye sheria ile haikumtaja, naye ni mpanga kazi. Mtunzaji wa wazee aendaye nyumba kwa nyumba amepewa karatasi yenye saa: huyu aoshwe saa moja kamili, yule apewe dawa saa moja na nusu, na kati yao kuna maili sita. Karatasi hiyo iliandikwa na mtu aliyefikiria barabara kavu. Taa ikiwaka, dereva huambiwa apunguze mwendo. Karatasi yamwambia asichelewe. Amtii nani? Tukimhukumu yeye peke yake tunamhukumu kama mtu aliye na hiari kamili, na hiari yake imekatwa nusu na mtu aliyelala kitandani. Mpanga kazi mwema angeongeza dakika katika karatasi kila utabiri wa usiku unaposema baridi kali, na angewaambia wazee mapema kwamba watumishi watachelewa. Jambo hili halina gharama kubwa.

Nasi pia tumo katika haraka hiyo. Ni nani asiyejua kwamba wengi wa wana wetu huko huchukua zamu ya pili kwa sababu ya karo, ya paa la nyumba, ya matanga na harusi za huku? Hatusemi wasisaidie. Twasema tu kwamba dereva aliyechoka huiona taa baadaye kuliko aliyelala vema, na kwamba ombi la fedha lisemalo “kabla ya Ijumaa” huenda likasafiri naye garini. Na hata simu. Saa mbili asubuhi, tukiisha kunywa chai, ndipo wengi wetu hupenda kuwasalimu. Katika majira ya baridi, saa hiyo kwao ni saa kumi na moja alfajiri, giza bado tupu, na barabara iko karibu na baridi yake kuu ya usiku ule. Kupokea simu kwa mkono huku ukiendesha gari kumekatazwa na sheria yao tangu mwaka 2003, lakini mtoto aliyelelewa vema huona vigumu kuiacha simu ya mama yake ilie mpaka inyamaze. Tusubiri hadi saa sita mchana. Kwao ni saa tatu asubuhi, jua limekwisha kutoka, na walio wengi wameshuka garini.