Mtihani wa Mtoto na Mapendo ya Mzazi

Kila mwaka, Mtihani wa Serikali ukikaribia, nia za Misa katika parokia zetu hufanana. Wababa na wamama waja kumwombea mtoto aliyefika mwaka wa mwisho wa sekondari. Wengine wamkimbilia Mtakatifu Yosefu wa Cupertino, aliyefariki mwaka 1663, kwa maana yasimuliwa kwamba masomo yalimshinda, na siku ya mtihani akaulizwa lile fungu moja tu la Enjili alilolijua vizuri. Kusali hivyo ni vema. Lakini wako wazazi ambao, wakiisha kutoka kanisani, wapitia nyumbani kwa mtu fulani na bahasha mkononi, kusudi mtoto wao aletewe majibu ndani ya chumba cha mtihani. Nao hawajioni kuwa watu wabaya. Wasema: «Nafanya hivi kwa sababu nampenda mtoto wangu.»

Neno hilo ndilo nataka tulipime pamoja, wasomaji wapenzi. Je, mapendo ya mzazi yaweza kuufanya udanganyifu kuwa halali? Na kama hayawezi, mapendo ya kweli yamdai mzazi nini?

1. Mzigo wa mzazi

Kwanza tumtendee mzazi kwa haki. Mtihani huu ulianzishwa katika inchi yetu mwaka 1967. Mtoto huandika kwanza insha ya Kifaransa, na baadaye hurudi kwa siku nne za maswali. Asiyepata nusu ya alama hana diploma, na asiye na diploma hawezi kuingia Chuo Kikuu. Miaka yote ya masomo yaingia katika siku hizo chache, kama maji ya mto mpana yapitayo katika mlango mwembamba wa mawe.

Na tazama gharama. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za Serikali hazilipishwi, lakini kwa sekondari mzazi alipa bado. Tangu miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu inavyofaa, wazazi ndio walioanza kuongeza mshahara wao kutoka mifuko yao wenyewe. Mama auza makala ao ndagala, baba achimba ao asukuma kinga barabarani, wote wawili kwa ajili ya minervali. Kisha waja gharama za mtihani wenyewe. Mtu aliyejinyima hivyo miaka kumi na miwili, akiambiwa kwamba franka kidogo zaidi zitaondoa hatari yote, hatuwezi kushangaa kwamba ajaribiwa. Twamwelewa vizuri. Lakini kumwelewa mtu na kusema ametenda haki ni mambo mawili mbalimbali.

2. Diploma ni nini?

Diploma ni ushuhuda. Ni karatasi isemayo mbele ya watu wote: «Huyu ajua jambo hili na hili.» Ikiwa mwenyewe halijui, karatasi yasema uongo, na itausema kila siku atakayoionyesha. Basi kununua majibu kwapingana na Amri ya nane. Kwapingana na Amri ya saba pia, maana yule anayekaa juu ya kiti cha mwingine amemwibia, hata kama hajui jina lake.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alijiuliza kama mtu aweza kusema uongo ili kumwokoa mwenzake katika hatari. Alijibu kwamba haiwezekani. Aweza kunyamaza na kuficha ukweli kwa busara, lakini si kudanganya. Kama uongo si halali hata mbele ya hatari kubwa, utakuwaje halali mbele ya hatari ya kurudia darasa?

3. Rebeka na Yakobo

Biblia yatuonyesha mama mmoja aliyemsaidia mtoto wake kudanganya. Kitabu cha Mwanzo chasimulia kwamba Isaka alikuwa mzee na kipofu, naye alitaka kumbariki Esau. Rebeka alimpenda Yakobo kupita mwingine. Akapika nyama ya wana-mbuzi wawili, akamvika Yakobo nguo za ndugu yake, akamfunika mikono kwa ngozi, akamtuma kwa baba yake. Yakobo aliogopa laana. Mama akasema laana hiyo imwangukie yeye. Tazameni: mapendo yake hayakuwa madogo. Alikuwa tayari kubeba adhabu mahali pa mtoto.

Kisha nini? Yakobo alipata baraka, lakini ilimbidi kukimbia hasira ya ndugu yake. Rebeka alifikiri ni kwa siku chache tu, na Biblia haitwambii popote kwamba alimwona tena. Kule ugenini Labani alimdanganya Yakobo kwa kumpa Lea mahali pa Rakeli. Na katika uzee wake watoto wake mwenyewe walimletea vazi la Yosefu lililochovywa katika damu ya mbuzi, naye akaamini mtoto amekufa. Alimdanganya baba yake kwa mbuzi na nguo; alidanganywa na wanawe kwa mbuzi na nguo.

Mtu atasema: «Lakini baraka aliipata, na Mungu akafanya taifa kutoka kwake.» Ndiyo. Mungu aweza kutoa mema katika mabaya yetu. Lakini Mungu hakuhitaji ngozi za mbuzi ili kutimiza neno lake. Ni Rebeka aliyefikiri kwamba azihitaji.

Na kuna jambo la ndani zaidi. Mzazi anayemnunulia mtoto majibu amwambia bila maneno: «Sikuamini. Peke yako huwezi.» Mtoto wa miaka kumi na minane asikia neno hilo vizuri sana. Hata akishinda, na rafiki zake wakimmwagia poda nyeupe kichwani na kumwimbia njiani, hatajua kamwe kama angeshinda kwa nguvu zake. Baba yake amemnyima kitu ambacho fedha hairudishi.

4. «Lakini wote wafanya hivyo»

Hapa ndipo shida kubwa, na si haki kuiruka. Mzazi mwaminifu auliza: «Kama wengine wote wanunua, mtoto wangu peke yake ndiye atakayeadhibiwa kwa sababu ya unyofu wangu. Je, nina haki kumtoa mtoto wangu sadaka kwa ajili ya dhamiri yangu?»

Najibu kwanza kwamba tupambanue mambo mawili. Kuna mtu anayetozwa franka zisizo halali ili apewe kilicho haki yake: mtoto ametimiza yote, lakini mtu mmoja mlangoni akataa kumpitisha asipopewa kitu. Huyo mzazi anyang'anywa, na dhambi ni ya mnyang'anyi. Afadhali ajitetee na kushtaki, lakini akilipa kwa sababu ya kulazimishwa, hatumhukumu kama mnunuzi. Mwingine alipa ili apate kisicho chake: majibu, ao alama ambazo mtoto hakuzipata. Huyo ashiriki dhambi, hata kama aliyemwomba fedha ni mkubwa. Tusichanganye hao wawili, maana wengi wa kundi la pili hujificha nyuma ya mateso ya kundi la kwanza.

Tena, «wote» si neno la kweli. Katika kila shule wako watoto wanaofanya mtihani kwa akili zao tu, na wazazi wao ni maskini kama sisi. Tukisema «wote», twawafuta hao, na twamwambia mtoto wetu kwamba unyofu umekwisha duniani.

Mwisho, tuulize wote hao watakwenda wapi na diploma zao. Mmoja atapima dawa za mgonjwa hospitalini, mmoja atahesabu chuma cha daraja, mmoja atafundisha wajukuu zetu. Mzazi anayenunua leo ndiye atakayelazwa kesho mbele ya mwuguzi aliyenunuliwa diploma. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwenye heri Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akafanya kazi katika ofisi ya kuchunguza bidhaa kwenye mpaka. Mwaka 2007 waliomletea chakula kilichoharibika walimpa fedha ili akipitishe. Alikataa, akauawa mwezi wa saba mwaka ule ule. Kanisa lilimtangaza mwenye heri Roma tarehe 15 Juni 2025. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya diploma: kusema kwamba kizuri ni kizuri na kibovu ni kibovu. Alikufa kwa sababu hakutaka karatasi iseme uongo. Tukiomba maombezi yake asubuhi na kupeleka bahasha jioni, twamwomba nini?

5. Mapendo ya kweli

Basi mzazi afanye nini? Augustino alizaliwa mwaka 354 kule Tagaste, katika inchi iitwayo leo Algeria. Baba yake Patrisio hakuwa tajiri, lakini alitafuta fedha kwa nguvu zake zote ili kumpeleka Karthago kusoma. Watu walimsifu sana. Mtoto alipokuwa na miaka kumi na sita fedha zilikosekana, akakaa nyumbani mwaka mzima bila kazi, na ndipo alipoiba mapeasi pamoja na wenzake. Baadaye, katika kitabu chake cha Maungamo, Augustino aliandika kwamba baba huyo alihangaikia masomo yake kuliko namna alivyokua mbele ya Mungu. Ni neno zito la mtoto kwa mzazi aliyejinyima. Kulipa minervali ni deni letu, lakini si deni lote.

Mapendo ya kweli huanza mbele ya mtihani. Ni kumpunguzia mtoto kazi za nyumbani, msichana sawa na mvulana, kumpatia taa na saa za kimya, kumwuliza, «Leo umeelewa nini?» kabla ya kumwuliza alama. Wala hapa hahitajiki mzazi aliyesoma. Mama asiyejua kuandika aweza kukaa karibu na taa ile ile, akichambua maharagwe, na mtoto ajua kwamba hayuko peke yake.

Tena mapendo huonekana jioni ile matokeo yanapofika kwa telefone. Akishinda, tumshukuru Mungu. Akishindwa, neno la kwanza la mzazi atalikumbuka miaka mingi. Wako wanaosema: «Umekula fedha yangu bure.» Neno kama hilo laweza kumvunja mtoto kabisa. Mtihani waweza kurudiwa mwaka unaofuata. Moyo uliovunjwa nyumbani ni mgumu kushonwa. Yohane Maria Vianney alishindwa mtihani wake Lyon, akapewa upadri mwaka 1815, na leo ni msimamizi wa maparoko wa dunia nzima. Sisemi kwamba kila anayeshindwa atakuwa mtakatifu mkubwa. Nasema tu kwamba mtihani hupima somo, haupimi mtu.

Katika mfano wa talenta, mtumishi wa talenta tano na yule wa talenta mbili walisifiwa kwa neno lile lile. Bwana hakumwuliza wa pili kwa nini hana kumi. Aliyekemewa ni yule aliyeizika talenta yake kwa hofu. Basi, wababa na wamama, tusizike talenta ya mtoto wetu chini ya bahasha. Aingie chumba cha mtihani na kalamu yake, na kichwa chake, na baraka yetu. Akipata nusu ya alama kwa jasho lake, ni zake. Asipozipata, mlango wa nyumba uwe wazi, na chakula chake kiwe mezani.