Saa ya Kuku na Pishi ya Mana

Je, Mkristo anaruhusiwa kuyapenda mambo yaliyopita? Swali hili limo katika ushirika wetu, ingawa ni mara chache hulitamka mtu. Mzee anaposema baada ya ibada kwamba zamani watu walipendana, na kijana akanyamaza akitazama chini, swali liko pale kati yao. Wapo wanaolijibu upesi kwa kumtaja mke wa Lutu, aliyegeuka kutazama nyuma akawa nguzo ya chumvi. Wengine huugua tu. Sisi tungependa kulijibu taratibu, tena kwa kuanzia jikoni, maana huko ndiko mioyo ya wengi hurudi inapokumbuka.

Baadhi yetu tuliokulia Tanzania ya miaka ya 1970 na 1980 tunaikumbuka saa ya kuku. Ilikuwa saa ya mezani yenye kengele, iliyotengenezwa China, ya kutiwa ufunguo. Usoni mwake palichorwa kuku na vifaranga, na kichwa cha kuku kiliungwa na mtambo wa ndani, hata kila saa iliposema tiki, kuku alidonoa. Mtoto aliweza kukaa mbele yake kwa muda mrefu, akingoja kuku ashibe.

Pamoja na saa hiyo tunakumbuka sufuria ya ndizi mbivu za nazi. Ndizi za mzuzu ziliachwa mpaka maganda yapate madoa meusi, zikamenywa, zikakatwa vipande, zikachemshwa kwa tui jepesi pamoja na sukari na iliki. Tui zito liliingia mwisho, na mpishi aliliteka kwa upawa na kulimimina tena na tena, kwa sababu tui likiachwa lichemke peke yake hukatika. Wenzetu wa pwani wataongeza ubuyu, ule uliopikwa kwa shira ya sukari na rangi nyekundu, uliotuacha na midomo myekundu siku nzima.

Mambo haya ni madogo. Hata hivyo, mtu mzima mwenye wajukuu anaweza kusikia harufu ya iliki akalengwalengwa na machozi. Je, machozi hayo ni ya imani, au ni ya kidunia?

Maandiko yanatupa kisa kinachofanana sana na chetu. Katika Hesabu 11, wana wa Israeli wakiwa jangwani walianza kukumbuka vyakula vya Misri: samaki, matango, matikiti, vitunguu. Walilia. Wala hawakudanganya kuhusu matikiti. Yalikuwapo, na bila shaka yalikuwa matamu. Kosa lao lilikuwa kwamba walisema walikula bure. Waliikumbuka ladha, wakaisahau mijeledi. Kisha wakaitazama mana, chakula ambacho Mungu aliwapa kila asubuhi, wakaona si kitu.

Hapo ndipo tunapaswa kujipima. Kumbukumbu ya mwanadamu hupenda kuhifadhi utamu na kuitupa gharama. Tunaposema kwamba zamani kulikuwa na utamu, na tuseme pia jinsi sukari yenyewe ilivyopatikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, sukari ilikuwa adimu nchini mwetu, na watu walisimama kwenye foleni ili wapate kidogo. Ndani ya bakuli lile la ndizi mlikuwa na foleni. Mlikuwa pia na kuni zilizobebwa kichwani, maji yaliyochotwa mbali, na nazi iliyokunwa kwenye mbuzi hadi mkono ukaingia ganzi. Aliyefanya hayo kwa kawaida alikuwa mama, au dada wa kazi aliyekula mwisho, pengine kwa kukwangua sufuria. Na ile saa ya kuku iliyowachekesha watoto ndiyo iliyomwamsha saa kumi alfajiri, wakati sisi sote tungali tumelala.

Kumbukumbu inayosema tulikula bure haimtendei haki mtu huyo. Nayo haimtendei haki Mungu, kwa sababu inamwambia kwamba wema wake uliishia kwenye jiko lile. Hii ndiyo hatari iliyo kwa mke wa Lutu pia: moyo wake ulibaki mahali ambapo Mungu alikwisha kumtoa.

Lakini hatuwezi kuishia hapo na kuwaambia wazee wetu wasahau. Mungu yule yule aliyechukizwa na kilio cha jangwani ndiye aliyeagiza watu wakumbuke. Katika Yoshua 4, mawe 12 yalitolewa katikati ya mto Yordani yawe ukumbusho, ili watoto watakapouliza maana yake waelezwe. Na Bwana wetu, usiku ule wa kutolewa kwake, alituachia meza ya ukumbusho, yenye mkate na kikombe. Alijua kwamba sisi hukumbuka kwa ulimi na kwa mkono, si kwa akili peke yake.

Basi tofauti iko wapi? Tunadhani iko katika Kutoka 16. Mana haikuruhusiwa kuwekwa hadi asubuhi, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato. Waliojaribu kuiweka waliikuta ina mabuu na inanuka. Hata hivyo, Mungu aliamuru pishi moja ijazwe na kuwekwa mbele zake, ili vizazi vitakavyokuja vikione chakula walicholishwa baba zao. Pishi moja tu, kwa ajili ya ushuhuda. Hakuna aliyeishi kwa kula kutoka katika chombo hicho. Kila asubuhi watu walitoka tena kuokota.

Saa ya kuku nayo ilikuwa na tabia kama hiyo. Springi yake iliweza kuiendesha kwa siku moja na kidogo tu. Ufunguo wa jana haukuifikisha keshokutwa. Ilibidi mtu aichukue mkononi kila jioni na kuizungusha upya. Aliyeipenda saa ile kwa kweli ni yule aliyekumbuka kuitia ufunguo.

Tunaona basi kwamba kuyapenda mambo ya zamani kunakuwa imani pale kunapozaa shukrani na kazi ya leo. Kunakuwa manung'uniko pale kunapotufanya tuidharau mana ya asubuhi hii. Na mana ya asubuhi hii ipo. Simu inayomwamsha kijana kwa sala ya alfajiri inafanya kazi ile ile ya kengele ya kuku. Kwaya ya vijana, ambayo baadhi yetu tunaona kelele zake zimezidi, inamwimbia Mungu yule yule.

Ezra 3 inasimulia kwamba msingi wa hekalu jipya ulipowekwa, wazee waliokuwa wameiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, na wengi wengine walipiga kelele za furaha, hata isiwezekane kupambanua kilio na shangwe. Hatusomi kwamba mzee yeyote alikatazwa kulia. Wala hatusomi kwamba ujenzi ulisimama kwa ajili ya machozi hayo. Ushirika wetu unahitaji nafasi ya namna hiyo, ambapo mzee analia na kijana anashangilia katika ibada moja, wala hakuna anayemwambia mwenzake anyamaze.

Kwa hiyo na tuchague kila mmoja pishi yake moja. Kwa mwingine ni wimbo, kwa mwingine ni ndizi za nazi. Jumamosi moja amwite mtoto jikoni, wa kike na wa kiume, amfundishe kuteka tui lisikatike. Wakati wanasubiri sufuria, amwambie ukweli wote: utamu ulivyokuwa, na ni nani aliyekuna nazi, na alikula saa ngapi. Kisha waombe, wamshukuru Mungu kwa ajili ya mtu huyo kwa kumtaja jina. Na kama bado yu hai, bakuli la kwanza lipelekwe kwake, naye ale akiwa ameketi, kabla ya wengine.