Yai na Haki ya Kuku

Mfugaji wa Buswelu, kama mwenziwe wa popote, huhesabu mayai ili ajue faida yake. Hesabu hiyo haimwambii kama kuku wana raha. Tetea wa mbegu ya utagaji hutaga hata katika kizimba kisichomruhusu kukunjua mbawa. Chokaa ikipungua chakulani, mwili wake huitoa mifupani ili gamba la yai litimie.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2012 umepiga marufuku vizimba vya waya visivyo na kiota wala kitulio, ambamo kila kuku alipewa sentimita za mraba 550, pungufu ya karatasi ya A4.

Asemaye kuwa huruma hupandisha bei ya yai husema kweli, na chakula cha mtoto maskini si jambo la kudharauliwa. Lakini gharama hiyo ilikuwapo tangu zamani, ikilipwa na kuku. Mlaji aweza kupunguza mayai mezani; kuku hawezi kukataa kutoa mifupa yake. Basi haki yataka mzigo umwelekee kwanza mwenye hiari.