Muuzaji wa mtandaoni, picha yako ndiyo mzani wako

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye kabla ya kupewa utume alikuwa mfanyabiashara, na watu wa Makka wakamwita Al-Amin, yaani mwaminifu.

Ndugu msomaji, ipo biashara ambayo imeingia majumbani mwetu bila kubisha hodi. Mama wa Temeke anauza madira kwenye kikundi cha WhatsApp. Kijana wa Magomeni anauza viatu Instagram. Mwalimu kama mimi, ambaye mshahara unafika tarehe 15 ukiwa umeshachoka, naye anatafuta cha kuuza. Duka la namna hii halina kodi ya fremu wala mlango wa kufunga jioni. Hilo ni jema, na kutafuta riziki ya halali ni ibada. Lakini mimi nimelijua duka hili kwa upande wake mwingine, na nitaanza kwa kuisema nafsi yangu kabla ya kumsema mtu mwingine.

Nilipoanza nilikwenda Kariakoo nikanunua kanzu 20 kwa bei ya jumla, kila moja shilingi 22,000. Jumla ikawa 440,000, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ilikuwa akiba ya mke wangu. Nikarudi nyumbani nikakaa na simu. Sikuwa najua niandike nini wala niweke bei gani. Nikatazama wenzangu wanaouza kanzu, nikaona mmoja ameweka picha nzuri ya kanzu nyeupe, nzito, imekaa vyema mwilini, bei 45,000. Nikachukua picha ile ile, nikaiweka kwenye ukurasa wangu, nikaandika: "Kanzu kali, kitambaa cha daraja la kwanza, 45,000 tu, zimebaki chache." Wakati naandika hivyo zote 20 zilikuwa chini ya kitanda.

Katika wiki tatu nikauza 11. Nikamwambia mke wangu kuwa Allah ametufungulia.

Kisha ikaja simu kutoka Tanga. Alikuwa mama mmoja aliyenunua kanzu ya mwanawe wa kiume kwa ajili ya ndoa. Alinisalimia kwa upole, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema: "Ustadhi mwanangu, hii kanzu ndiyo ile niliyoiona kwenye picha?" Nikababaika. Akaendelea: "Ni nyepesi, inaonyesha mpaka ndani. Bwana harusi tumemwazimia kanzu ya mjomba wake." Nikamwambia nitamrudishia fedha zake. Akanijibu: "Fedha nimekusamehe, baba. Ndoa imeshapita. Ila usimfanyie mwingine."

Wallahi, angenitukana ingekuwa nafuu. Wiki ile ile nilikuwa nimesimama mbele ya wanafunzi wangu wa kidato cha pili, katika kipindi cha Elimu ya Dini ya Kiislamu, nikiwafundisha hadithi iliyomo katika Sahih Muslim. Abu Hurayra (r.a.) anasimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikatoka na unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, akajibu kuwa mvua ilikinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini asikiweke juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akatangaza kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Wanafunzi niliwapa zoezi, nikasahihisha, nikawapa alama. Kumbe rundo lenye unyevu lilikuwa chini ya kitanda changu.

Picha imechukua nafasi ya jicho

Zingatia tofauti iliyopo. Yule mtu wa sokoni Madina alikuwa na rundo ambalo mnunuzi angeweza kutia mkono. Mnunuzi wa mtandaoni hana mkono wa kutia. Ana picha na maneno yako, basi. Ndiyo maana nasema picha yako ndiyo mzani wako. Surat Al-Mutaffifin inaanza kwa kuwatangazia maangamizi wanaopunja katika vipimo, na anayeweka picha ya kitambaa kizito akatuma chepesi amepunja, hata kama hajawahi kushika mzani maishani mwake.

Wanazuoni wetu walilipa suala la kuona uzito mkubwa. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kuwa kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba kitu mahususi ambacho hakijaonwa hakiuziki. Mahanafi wameruhusu, lakini wamempa mnunuzi khiyari: akikiona asikitake, anarudisha. Na wote wanakubali biashara ya salam, ambapo mnunuzi analipa fedha yote papo hapo kwa kitu kilichoelezwa sifa zake, kiasi chake na muda wa kukabidhiwa. Mwaka 1990, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah, lilikubali mikataba inayofungwa na watu walio mbali kwa vyombo vya mawasiliano, isipokuwa mambo machache yenye masharti yake, kama ndoa kwa sababu ya mashahidi, na ubadilishanaji wa fedha kwa sababu ya kukabidhiana papo hapo.

Tunajifunza nini? Kwamba milango imefunguliwa, lakini kila mlango umewekewa bawaba ya maelezo. Ukitaka kuuza kisichoonekana, eleza mpaka aliye mbali awe kama amekishika. Kitambaa ni pamba au mchanganyiko? Urefu ni inchi ngapi? Kama ni kitu kilichotumika, kimetumika muda gani na kina kasoro gani? Kasoro ipige picha yake peke yake, uiweke pamoja na nyingine, si mwishoni kabisa ambako hakuna anayefika.

Je, faida ina kikomo?

Swali hili naulizwa sana. Jibu ni kuwa sheria haikuweka asilimia maalumu. Katika Bukhari imekuja habari ya Urwa al-Bariqi (r.a.), ambaye Mtume (s.a.w.) alimpa dinari moja amnunulie mbuzi. Akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari moja, akarudi na mbuzi pamoja na dinari. Mtume akamuombea baraka katika biashara yake. Na Anas (r.a.) amesimulia kuwa bei zilipopanda Madina watu walimtaka Mtume awapangie bei, naye akakataa, akahofia kukutana na Mola wake hali ya kuwa kuna mtu anamdai dhulma.

Basi kosa langu halikuwa kutaka faida. Kosa lilikuwa kuweka bei ya kanzu nyingine juu ya kanzu yangu. Bei ya mwenzako inatokana na mzigo wake, si wako. Muuzaji mpya na achukue daftari aandike: bei ya kununulia, nauli ya kufuata mzigo, mifuko ya kufungashia, ada za kutuma na kutoa fedha kwenye simu, na kile kitakachorudishwa. Kisha aongeze faida anayoweza kuitaja bila kuinamisha macho. Na gharama ya kusafirisha kwa basi au bodaboda aiandike wazi nani anailipa, maana ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Aidha, kuna mazoea ambayo tumeyaona kuwa ni ujanja wa biashara. Mtu anaandika "ilikuwa 60,000, sasa 40,000", na wala haijawahi kuuzwa 60,000 hata siku moja. Huo ni uongo. Mwingine anawaomba ndugu zake waandike sifa chini ya bidhaa ambayo hawajaigusa. Mtume (s.a.w.) alikataza najash, yaani mtu kupandisha bei ya kitu asichotaka kukinunua ili kumhadaa mnunuzi, na sifa hizi za kupanga ni ndugu yake wa damu. Mwingine haandiki bei kabisa, anasema "bei inboksi". Kuficha bei kwenye tangazo peke yake hakuharamishi biashara, kwa kuwa mkataba bado haujafungwa. Lakini kama lengo ni kumchungulia mteja kwanza, uone picha yake na mtaa wake, kisha asiyejua bei ya soko umtajie mara mbili, hapo umeingia pabaya. Hata wanazuoni wasiompa mteja haki ya kuvunja biashara kwa sababu tu ameuziwa ghali, wanakubaliana kuwa kuhadaa ni dhambi.

Kuuza usichonacho

Jambo la mwisho ni hili la vijana kupiga picha bidhaa katika maduka ya watu, kuzitangaza kama zao, kupokea fedha, ndipo wakimbilie kununua. Hakim bin Hizam (r.a.), aliyekuwa mfanyabiashara mashuhuri, alimuuliza Mtume (s.a.w.) jambo hili hili: mtu anakuja kutaka kitu nisichonacho, je nimuuzie kisha nikakinunue sokoni? Akakatazwa kuuza asichokuwa nacho. Kijana asikate tamaa, njia zipo. Afanye uwakala, akubaliane na mwenye duka juu ya ujira wake. Au apokee oda kama ahadi tu, anunue, akikabidhiwa mzigo ndipo auze. Au afuate masharti ya salam kikamilifu.

Nilivyomaliza yangu

Huenda msomaji anataka kujua nilifanya nini. Niliwapigia simu wanunuzi 10 waliobaki, mmoja baada ya mwingine. Nikawaambia ukweli, nikawapa hiari: kurudisha kanzu au kubaki nayo na kurudishiwa 15,000. Saba walichukua tofauti, watatu walirudisha. Zikanitoka shilingi 240,000, na usiku ule mke wangu hakusema neno. Asubuhi yake alizipeleka kanzu 12 uani kwenye mwanga, akaniambia: "Baba Aisha, zipige picha kama zilivyo." Nikapiga picha moja nikiwa nimeingiza mkono ndani ya kanzu, ili ionekane jinsi inavyoonyesha. Nikaandika: "Nyepesi, inafaa kuvaliwa na nguo ya ndani, 30,000."

Zilikwenda polepole, miezi miwili na zaidi. Lakini ziliisha, na hakuna aliyepiga simu kulalamika. Waliopiga walitaka nyingine. Ni Hakim huyo huyo aliyesimulia, katika Bukhari na Muslim, kuwa wauzianao wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Nilikuwa nimeihifadhi hadithi hiyo tangu chuoni. Yule mama wa Tanga ndiye aliyenifahamisha maana yake.

Tumuombe Allah (s.w.) atutakasie chumo letu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wafanyabiashara wakweli. Wabillahi tawfiq.