Uji wa Mjukuu

Keti kidogo, mwanangu. Bodaboda atasubiri.

Kaka yako alipoota meno ya ukubwani, yalitoka na madoa ya kahawia. Nikaona ni uchafu. Nikamsugua kwa majivu mpaka ufizi ukatoka damu, naye analia, mimi namwambia avumilie. Madoa hayakutoka. Jino huumbwa likiwa bado ndani ya ufizi, na yale yalikuwa yameshaharibika kabla sijayaona. Mpaka leo akicheka hufunika mdomo kwa kiganja.

Ni floraidi ya kwenye maji, mwanangu. Inatoka kwenye miamba ya volkeno ya huu Mlima Meru wetu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi ya huku, Kikatiti mpaka Maji ya Chai, yanazidi kiwango hicho. Ikizidi sana inaharibu hata mifupa. Wale watoto wa matege unaowafahamu, wengine ni maji hayo hayo. Huioni, huionji. Kisima chako na cha jirani vinaweza kutofautiana kabisa, kwa hiyo jaza chupa upeleke maabara ya maji mjini.

Mimi nilichemsha. Kila jioni, kuni zote zile! Vijidudu vilikufa, floraidi ikabaki, tena maji yakipungua sufuriani inazidi ukali. Halafu maharage nikayatia magadi yaive upesi. Magadi nayo yana floraidi. Nani angeniambia?

Baadaye tukasikia kuwa pale Ngurdoto wataalamu wanachoma mifupa ya ng'ombe, wanapata mkaa wa kuchujia maji. Nikapata ndoo yenye mkaa huo, nikajiona nimeerevuka. Nikakaa nayo miaka bila kubadilisha mkaa. Kumbe ukishashiba haunasi tena! Maji yanatoka meupe vilevile, na mimi nawamiminia wadogo zako kwa moyo mmoja.

Huyu wa mgongoni ana miezi mingapi? Sita? Basi ndiyo kwanza anaanza uji. Nyuma ya jiko kuna simtanki la maji ya mvua, hayajapita kwenye miamba; mpikie kwa hayo. Mvua ya kwanza niliiacha ioshe vumbi la bati, haya yaliyomo ni ya baadaye. Yachemshe, ndiyo, kwa ajili ya vijidudu. Ya kufulia chota bombani. Lete dumu, mfuniko wake mgumu, nitakufungulia.